Kabla Hujasaini Talaka: Kibali cha Kukaa Ulaya Ndoa Inapovunjika

"Saini hapa, la sivyo nawapigia uhamiaji, na wiki ijayo uko Likoni kwa mamako." Kitisho cha namna hii kimewafanya watu wetu walio kwenye ndoa na Wazungu wasaini wasichokielewa, wahame nyumba usiku na begi moja, au wavumilie kipigo huku wakingoja kibali kikomae. Kina nguvu kwa sababu anayetishwa anaamini kibali ni mali ya mwenzake, na aliyekupa anaweza kukunyang'anya.

Si hivyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mume au mke hana mamlaka ya kufuta kibali cha mtu. Anachoweza ni kupeleka taarifa kwamba ndoa haipo tena kama zamani. Baada ya hapo ofisi inatakiwa ichunguze, na ikiamua kukunyima, ikuandikie barua yenye sababu, ikueleze pa kukata rufaa na muda ulio nao. Niseme na upande wa pili, ili nisimpe mtu matumaini ya bure: kibali hupotea kweli, na mara nyingi hupotea kwa mambo ambayo wakati wa ugomvi yanaonekana madogo. Nani aliondoka nchini kwanza. Nani alifungua kesi, wapi, tarehe ngapi. Wewe unaweza kuwa na haki yote katika ugomvi wenyewe, lakini ofisi ya wageni inasoma tarehe.

Wakili anayeijua kazi yake ataanza na swali ambalo halihusu mapenzi wala matusi: mwenzako ana pasipoti ya nchi gani, na mnaishi nchi gani? Dada wa Bukavu aliyeolewa na Mfaransa wakaishi Brussels yuko chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa kuwa mumewe ametoka kwao akaenda kuishi nchi nyingine ya Umoja. Jirani yake wa Matonge aliyeolewa na Mbelgiji ambaye hajawahi kuishi nje ya Ubelgiji yuko chini ya sheria ya Ubelgiji yenyewe. Wanaweza kupanga foleni moja na kuhudumiwa na karani mmoja, lakini haki zao si sawa. Hapa ndipo mashauri ya WhatsApp yanapoleta balaa. Shoga yako aliyeachana na Mwingereza zamani zile huko Malaga anakwambia, "Miaka mitatu tu, shosti, usiogope." Kwa upande wake hakukosea. Ila miaka yake haihesabiwi kama yako.

Tuanze na kundi la kwanza, la Mzungu anayeishi nchi ya Umoja isiyo yake: Mjerumani aliye Uhispania, Mtaliano aliye Ujerumani, Mfaransa aliye Ubelgiji. Sheria yenu ni Agizo la Umoja wa Ulaya nambari 2004/38, na kifungu cha kukariri ni cha 13. Kinasema talaka haikuondolei haki ya kukaa ikiwa, kufikia siku kesi ya talaka ilipofunguliwa, ndoa ilikuwa imetimiza angalau miaka 3, na ndani ya miaka hiyo mmeishi walau mwaka 1 katika nchi mliyopo. Angalia vizuri: inahesabiwa siku ya kufungua kesi, si siku hakimu anapotoa hukumu. Ndoa nayo inahesabiwa tangu ilipofungwa, hata kama ilifungwa Mombasa au Unguja. Tuseme mlioana Mombasa Machi 2021, mkahamia Ureno Juni 2023. Machi 2024 ndoa imetimiza miaka 3, lakini mwaka wa Ureno bado. Kesi ikifunguliwa Mei 2024, hujafika. Ikifunguliwa Julai 2024, umefika. Wiki chache tu ndizo zinazoamua, na ndiyo maana mtu asikuharakishe kwenda kwa wakili "tumalize mambo kistaarabu". Ukimwomba mwenzako asubiri miezi miwili, hujamlaghai mtu wala serikali. Ni jambo halali, na Wazungu wengine wakielezwa kwa upole hukubali.

Kutengana si talaka. Hili watu hulichanganya, na kulichanganya kunawagharimu. Mwaka 1985 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg iliamua kesi ya mwanamke wa Senegali aliyekuwa ameolewa na Mfaransa na kuishi Berlin. Walikuwa wametengana, kila mmoja na nyumba yake, na ofisi ya Berlin ikakataa kumwongezea kibali. Mahakama ikasema sheria haiwalazimishi wanandoa kulala chini ya paa moja, na ndoa inabaki ndoa mpaka mamlaka husika iivunje. Mawakili wanaiita kesi ya Diatta, nambari 267/83. Kwa hiyo ukihamia kwa rafiki kwa sababu nyumba imekuwa moto, kwa sheria hii hujapoteza kitu. Jiandikishe kwenye anwani mpya kama sheria ya mji inavyotaka, na usimwandikie mtu yeyote wa serikali kwamba "tumeachana" wakati bado mmetengana tu.

Mtego mkubwa uko kwingine: mwenzako akihama nchi. Mwaka 2015, katika kesi nambari C-218/14 iliyotoka Ireland, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba raia wa Umoja akiondoka nchini kabla ya kesi ya talaka kufunguliwa, haki ya mwenzi aliyebaki inakuwa imeshaondoka naye. Kesi inayofunguliwa baadaye haiifufui. Kwa hiyo mume akianza kusema amepata kazi kwao na ataondoka mwisho wa mwezi, na ndoa imeshavuka miaka 3, huo si wakati wa kususa na kumwambia "nenda, sitakufuata". Ni wakati wa kumwona wakili wiki hiyo hiyo, kwa sababu kila nchi ina ratiba yake ya talaka. Uhispania unaweza kufungua kesi mradi miezi 3 imepita tangu mfunge ndoa, bila kutengana kwanza. Ujerumani kwa kawaida mahakama inataka mkae mwaka mzima mmetengana, na kufungua mapema kunahitaji sababu nzito. Mwenye mume Mtaliano huko Hamburg na mwenye mume Mtaliano huko Valencia wanaweza kuwa na shida moja, lakini mmoja ana mlango ulio wazi na mwingine itabidi atafute ufunguo.

Si lazima miaka 3 itimie ikiwa kuna mtoto. Kifungu hicho hicho kinakulinda ukiwa na malezi ya watoto wa huyo raia wa Umoja, kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama, na pia mahakama ikikupa haki ya kumwona mtoto na ikasema kuonana kufanyike katika nchi hiyo. Halafu kuna njia ambayo hata baadhi ya mawakili wa talaka hawaikumbuki. Mwaka 2010 mama mmoja Msomali aliyekuwa London, mumewe Mdenmark, alishinda kesi nambari C-310/08. Mume alikuwa amefanya kazi Uingereza kisha akaondoka, na mama akabaki na watoto wanne, hana kipato cha kujitegemea. Mahakama ikasema: mzazi raia wa Umoja akiwa amewahi kuajiriwa katika nchi hiyo na mtoto wao akawa anasoma shule hapo, mtoto ana haki ya kuendelea kusoma, na mzazi anayemlea ana haki ya kukaa naye, bila kudaiwa kwanza aonyeshe pesa wala bima. Uingereza imeshatoka kwenye Umoja, lakini kanuni hiyo ipo hai katika nchi zilizobaki, kwenye kifungu cha 10 cha Kanuni nambari 492/2011. Kwa hiyo barua ya shule inayoonyesha mtoto aliandikishwa lini, pamoja na karatasi moja ya mshahara ya baba, zinaweza kuwa na thamani kuliko cheti cha ndoa.

Kuhusu kipigo, nitalisema kwa urefu kidogo kwa sababu ndilo linalowafunga watu mdomo. Kifungu cha 13 kinataja ukatili wa nyumbani kama sababu ya kubaki na haki hata kama ndoa haijafika miaka 3. Na hali iliboreka mwaka 2021, katika kesi nambari C-930/19 ya Ubelgiji. Aliyelalamika alikuwa mwanamume, raia wa Algeria, aliyetendewa ukatili na mkewe Mfaransa. Nawataja wanaume makusudi, maana huku pwani mwanamume akipigwa na mkewe huona bora arudi kwao kuliko kusema. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyefanyiwa ukatili hawezi kunyimwa haki kwa sababu tu mwenzake aliondoka nchini kabla ya kesi kufunguliwa, mradi aifungue ndani ya muda wa kuridhisha. Karibu miaka 3 aliyochelewa mlalamikaji, mahakama iliona ni mirefu mno. Kwa hiyo usikae. Mkataba wa Istanbul, ambao Umoja wa Ulaya wenyewe uliingia mwaka 2023, nao una kifungu cha 59 kinachohusu kibali cha anayemtegemea mtesaji wake.

Ushahidi ndio unaowaangusha wengi. Mtu amepigwa miaka miwili lakini hana hata karatasi moja, kwa sababu kila mara alimwambia daktari ameteleza bafuni. Mwambie daktari ukweli na uombe aandike. Hifadhi ujumbe wa vitisho pahali ambapo mwenzako hapafikii, kwa mfano kwenye simu ya dada yako. Polisi wa Ulaya hupatikana kwa 112, na Ujerumani wanawake wana namba ya msaada ya bure, 116 016, inayopokelewa saa 24. Nyumba za hifadhi za wanawake zitakuandikia barua kuonyesha ulifika lini na katika hali gani.

Ukishapata haki kwa kifungu cha 13, hujamaliza. Mpaka utimize miaka 5 ya kukaa kihalali na kupata ukaazi wa kudumu, lazima uonyeshe kwamba umeajiriwa, au umejiajiri, au una kipato cha kutosha pamoja na bima ya afya. Haki hii sasa ni yako binafsi, haimtegemei mwenzako, na mzigo nao ni wako binafsi. Mama wa nyumbani aliyeambiwa miaka yote "kazi ya nini, mimi nipo" hujikuta pabaya hapa. Ukiona ndoa inayumba, tafuta mkataba wa kazi hata ya usafi au ya jikoni, mradi iwe ya kweli na ya halali, na usianzie siku ya hukumu. Bima nayo ina mtego wake: Ujerumani, bima ya familia uliyokuwa ndani yake kupitia mume inaisha talaka ikishakuwa rasmi. Piga simu kwa kampuni ya bima kabla, usisubiri barua.

Sasa kundi la pili, na kwa Wakenya na Watanzania walio Ujerumani huenda ndilo kubwa zaidi: mwenzi ni Mjerumani na mnaishi Ujerumani. Agizo la 2004/38 halikuhusu. Sheria yako ni ya ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 31, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Inataka muwe mmeishi pamoja kama wanandoa, kihalali, ndani ya Ujerumani, kwa miaka 3. Miaka mliyokaa Mtwapa haimo. Na hesabu inakatika siku mlipoacha kuishi kama wanandoa, si siku ya kufungua kesi wala ya hukumu. Yaani ile nafuu ya kesi ya Diatta hapa haipo. Ukihama mapema, saa imesimama. Tarehe ya kutengana utaitaja kwa wakili wa talaka, utaitaja kwenye kodi mnapobadili daraja la kodi, na itaonekana kwenye uandikishaji wa anwani. Zikigongana, karani ataliona. Sema tarehe ya kweli, moja, kila mahali.

Ukitimiza miaka hiyo 3 unapewa kibali chako mwenyewe cha mwaka 1, na katika mwaka huo kupokea msaada wa serikali si kizuizi kwa kawaida. Baada ya hapo wanataka kuona unajilisha. Kabla ya miaka 3 kuna mlango wa hali ngumu ya kipekee, na ukatili wa nyumbani umetajwa humo kwa jina. Na ukiwa na mtoto mdogo mwenye uraia wa Ujerumani unayemlea, una njia nyingine ambayo haiulizi ndoa ilidumu muda gani: kibali cha mzazi. Njia ya mtoto ipo pia kwingineko. Huko Uholanzi njia hiyo ilijulikana kupitia kesi ya Chavez-Vilchez ya mwaka 2017, iliyosimama juu ya msingi wa kesi ya Zambrano ya Ubelgiji ya mwaka 2011: mtoto raia asilazimike kuondoka Umoja wa Ulaya kwa sababu mzazi anayemtegemea amefukuzwa.

Walio Uingereza wana habari yao. Aliyeolewa au kuoa Mwingereza hana kanuni ya miaka 3 ya kumlinda baada ya talaka. Inabidi aombe njia nyingine, kama ya mzazi au ya kazi. Anayekimbia ukatili anaweza kuomba ruhusa ya muda ya miezi 3 yenye msaada wa serikali, kisha akaomba ukaazi wa kudumu.

Kwa Waislamu wa pwani naongeza hili. Mume akikutamkia talaka tatu sebuleni Munich, kidini mtaulizana na masheikh, lakini kwa sheria ya Ujerumani ndoa bado ipo, kwa sababu huko ni mahakama tu inayovunja ndoa. Hatari iko kwa anayepanda ndege kwenda kwa Kadhi Mombasa au Unguja kuchukua cheti cha talaka haraka. Cheti hicho kwa kawaida lazima kitambuliwe na mamlaka ya sheria ya jimbo kabla hakijawa na nguvu Ujerumani, na tarehe zilizomo zinaweza kutumiwa dhidi yako kwenye faili la kibali. Vivyo hivyo aliyepita BAKWATA na mahakama ya Dar es Salaam. Sikwambii uache haki yako ya dini. Nakwambia mwonyeshe wakili wa uhamiaji karatasi kabla hujaiomba, si baada ya kugongwa muhuri.

Kuna kazi ya kufanya leo, nyumba ikiwa bado moja. Fungua lile kabati la makaratasi upige picha: pasipoti ya mwenzako, cheti chake cha kujiandikisha katika nchi hiyo, mikataba yake ya kazi, karatasi zake za mshahara za miaka yote, kodi, mkataba wa pango wenye majina yenu wote wawili. Ofisi inaweza kukutaka uthibitishe kwamba yeye alikuwa akifanya kazi na kuishi hapo mpaka siku ya kesi, na mwenzi aliyekasirika hatakutumia karatasi ya mshahara. Usidukue barua pepe yake. Hilo ni kosa jingine. Karatasi za nyumba yenu zinatosha.

Barua ikija, itunze pamoja na bahasha yake. Ujerumani barua nzito za serikali huja kwa bahasha ya manjano, na mletaji huandika juu yake tarehe aliyoifikisha. Muda wa kupinga, mara nyingi mwezi 1, unaanza kuhesabiwa tarehe hiyo. Mwenye kutupa bahasha akabaki na barua amejinyima ushahidi wa kwamba hajachelewa. Kama uko Ujerumani na huna pesa za wakili, nenda mahakama ya mwanzo ya eneo lako uombe cheti cha msaada wa ushauri; ukikipata, wakili anaweza kukutoza euro 15 tu kwa ushauri huo. Karani akiikosea sheria ya Umoja, SOLVIT ni huduma ya bure inayowasiliana na mamlaka kwa niaba yako, mradi hujaifikisha kesi mahakamani. Your Europe Advice nayo hukujibu maswali bila malipo.

Na safari. Talaka ikiisha, watu hutaka kwenda nyumbani kupumzika, na mama naye anasema kaa mwanangu, kaa mpaka moyo utulie. Kwa aliye chini ya sheria ya Umoja, nenda, lakini kwa jumla usizidishe miezi 6 ndani ya mwaka mmoja kabla hujatimiza miaka yako 5. Kuna ruhusa ya kukaa nje mara moja hadi miezi 12 mfululizo kwa sababu kubwa kama kujifungua au ugonjwa mzito, nayo inataka vyeti vya hospitali. Kadi ya kudumu ikishakuwa mkononi, mlango unapanuka: haki inapotea tu ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Aliye na kibali cha kifungu cha 31 cha Ujerumani asitumie hesabu hii; aulize ofisi yake kwa maandishi, na majibu ayapate kabla hajakata tiketi.